Jabali Limebaki, Udongo Umesafiri

Anayeingia Dodoma kwa barabara, awe anatokea Morogoro, Iringa au Singida, hulakiwa na majabali kabla ya kuliona jengo la Bunge. Mengine yamejitenga peke yake katikati ya mashamba ya mtama na uwele. Mengine yamebebana, jiwe la ukubwa wa nyumba limekalia jingine kwa ncha nyembamba. Aliyesoma jiografia shuleni, akafundishwa kuhusu mawe makubwa ya Ulaya ya kaskazini na Kanada yaliyoachwa na barafu za kale, ana haki ya kuuliza: haya ya Ugogo nayo yalibebwa na nani?

Swali hilo ndilo lililonipandisha basi kutoka Dar es Salaam mwezi wa Desemba, mvua zikiwa zinasubiriwa. Nilitaka kujua ardhi inavyosafiri: mwamba, changarawe, mchanga na udongo huokotwa vipi, hubebwa na nani, na hutuliwa wapi. Mwenyeji wangu alikuwa mzee aliyeifanya kazi ya jiolojia tangu ujana wake. Asubuhi, jua lingali la upole, tulipanda jabali moja nje kidogo ya mji. Akapapasa ufa uliolipasua kutoka juu hadi chini, akanionyesha jinsi ukingo wake ulivyobanduka kwa magamba.

"Haya hayakuletwa, mwanangu," alisema. "Yamezaliwa hapa hapa. Usimtafute aliyeyabeba mawe. Tafuta kilichobebwa kikayaacha wazi."

Akanieleza. Mwamba wa Dodoma ni graniti, sehemu ya kiini kikongwe cha bara hili, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ulipokuwa bado umefunikwa, maji yalipenya kwenye nyufa zake na kuuozesha polepole kuanzia kwenye kingo, hata pembe zikamalizika na kubaki mapande ya mviringo yaliyozungukwa na udongo. Kisha mvua za zama na zama zikauchukua ule udongo. Mapande yakabaki yamebebana vilevile yalivyokuwa chini ya ardhi, ila sasa yako juani. Kwa hiyo jabali la Dodoma halijasafiri hata kidogo. Kilichosafiri ni udongo uliokuwa umelifunika.

Penye barafu mambo ni mengine, na Tanzania inao ushahidi wake. Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, zamani ulivaa barafu nene iliyoteremka hadi chini ya mita 4,000, na vilima vya vifusi iliyoviacha vipo hadi leo. Barafu ya mlimani haikai mahali pamoja. Uzito wake unaisukuma iteremke taratibu. Mawe yanayoporomoka kutoka kwenye magenge huangukia mgongoni mwake, theluji mpya ikayafunika, yakazama na kusafiri ndani kwa ndani. Chini kabisa, pale barafu inapogusana na mwamba, kazi ni ya werevu zaidi. Barafu ikikutana na nundu ya mwamba, shinikizo la upande wa mbele huyeyusha utando mwembamba wa maji. Maji hayo huizunguka nundu, na upande wa nyuma, ambako shinikizo limepungua, huganda tena. Yanapoganda hushika kokoto na mchanga uliokuwa pale, hata kipande cha mwamba chenye nyufa hung'olewa na kwenda. Kuanzia hapo yale mawe yaliyonaswa tumboni mwa barafu hugeuka meno: huukwaruza mwamba yanapopita na kuusaga hata ukawa unga.

Jambo la kukumbuka ni kwamba barafu haichagui mzigo. Jiwe la tani nyingi na unga laini husafiri pamoja, na barafu inapoyeyuka hutupwa pamoja, vimechanganyika bila mpango. Maji huchagua. Yakipungua nguvu huweka changarawe kwanza, kisha mchanga, na tope laini huenda nalo mbali. Upepo huchagua zaidi ya wote. Hubeba vumbi tu. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake walichimba nguzo sita za barafu kileleni Kilimanjaro. Katika barafu hiyo, ambayo ya zamani zaidi waliikadiria kuwa na miaka 11,700, walikuta tabaka la vumbi linaloonekana kwa macho, unene wake kama milimita 30. Vumbi hilo lilitua huko miaka 4,000 hivi iliyopita, wakati wa ukame mkubwa. Ardhi ya nyanda ilipokauka na kukosa nyasi, upepo uliinyanyua ikapanda mlima, na barafu ikaitunza. Leo barafu yenyewe inatoweka: kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ulipoteza karibu asilimia 85 ya eneo la barafu yake.

Nilipokwisha kuyaelewa hayo, nikawa na vipimo vya kuitazama nyanda ya kati. Hapa hakuna barafu. Mchukuzi mkuu ni maji. Na maji yenyewe ni machache: Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Lakini mvua chache hazimaanishi mzigo mdogo. Hunyesha kwa kishindo, tena juu ya ardhi ambayo kiangazi cha miezi saba kimeiacha uchi.

Nani aliyelipima jambo hili kwanza? Jibu lipo Mpwapwa, mashariki mwa Dodoma, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo. Katika miaka ya 1930 mtafiti R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko, kimoja kikiwa na kichaka kisicholishwa, kingine nyasi, kingine uwele au mtama, kingine kikaachwa kitupu. Chini yake akakinga maji na udongo uliotoka. Penye kichaka, maji yaliyotiririka hayakufika hata asilimia moja ya mvua. Penye nyasi yalikuwa kama asilimia 2. Penye nafaka, asilimia 26, na udongo uliopotea ulikuwa tani 78 kwa hekta kwa mwaka. Kwenye ardhi tupu, nusu ya mvua yote ilikimbia, ikiwa imechukua tani 146 za udongo kwa hekta. Mteremko ni ule ule, mvua ni ile ile, na mwamba chini ni ule ule. Tofauti yote ililetwa na majani.

Tukashika barabara ya kaskazini, ile ya lami inayokwenda Kondoa na Babati. Msalato ikapita, kisha Makutupora yenye mashamba ya mizabibu. Chini ya bonde hilo la Makutupora ndiko viliko visima vya Mzakwe ambavyo kwa miaka mingi vimeunywesha mji wa Dodoma. Mzee alinikumbusha kuhusu mabwawa yaliyochimbwa kuuzunguka mji huo, Imagi, Msalatu, Matumbulu na Ikowa. Mwaka 1972 Anders Rapp na wenzake, katika mradi wa pamoja wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, walichapisha vipimo vya mabonde manne yanayoyalisha mabwawa hayo. Walichokipima hasa ni tope lililotuama chini ya maji, na kwa hilo wakajua vilima vinapungua kwa kasi gani. Bwawa la nyanda hizi, kabla halijafa kwa ukame, linaweza kufa kwa kujaa udongo. Na kulizibua ni gharama kubwa kuliko kulichimba.

Baada ya Haneti tukapita wilaya ya Chemba, mibuyu ikisimama pande zote bila jani. Kila baada ya mwendo kidogo barabara huvuka daraja, na chini ya daraja hakuna maji, ni mchanga mtupu, mweupe, mpana kuliko barabara yenyewe mara tano au sita. Kwenye mto mmoja tulisimama. Kina mama walikuwa wamechimba visima vya mchangani, na mmoja alikuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni, akichota kwa kata.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba baba. Karibuni maji."

Nikaomba ruhusa nitazame ukuta wa shimo lake. Juu palikuwa na mchanga safi uliokauka, unene wa mkono mmoja. Chini yake ukanda wa kokoto nyekundu na vipande vya kwatzi vyeupe, kumbukumbu ya siku ambayo mto ulishuka kwa nguvu. Kisha mchanga mwembamba, kisha utando wa tope la kijivu usiozidi unene wa kidole, uliotuama maji yalipokuwa yanakaribia kusimama. Kisha kokoto tena. Kila msimu umejiandika. Barafu isingeandika hivyo. Ingemwaga vyote kwa pamoja. Maji ya kunywa yalikuwa yanatoka katikati ya chembe za mchanga, baridi na safi, wakati juu jua linachoma. Huu mchanga uliohamishwa kutoka milimani umekuwa ghala la maji la watu wa hapa, na ni kweli inayopaswa kusemwa pamoja na hasara zake.

Kondoa mjini tulilala. Kesho yake tukapita Kolo, kwenye mapango ya michoro ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kutoka pale juu unaiona nyika ya Wamasai imetandaa mashariki hadi macho yachoke. Hatukukaa sana, kwa kuwa lengo letu lilikuwa Haubi.

Njia ya Haubi ni ya vumbi na inapanda vilima vya Irangi. Ukifika mgongoni, unaona kwa nini wataalamu wa ardhi wamekuwa wakija hapa kwa karibu miaka mia moja. Vilima vimepasuliwa na makorongo mekundu, mengine kina chake kinammeza mtu na nyumba yake ya ghorofa. Chini kuna bonde lililojifunga, na katikati ya bonde ziwa dogo la Haubi, lenye kina kifupi, linalopanda na kushuka kwa kufuata mvua. Pembeni mwa ziwa mchanga umetandazwa mithili ya mkeka kutoka kila mdomo wa korongo. Kilichotoka juu chote unakiona chini.

Tuliteremka ndani ya korongo moja. Ukuta wake ulikuwa kama mara tatu ya urefu wangu. Mzee aliusafisha kwa panga, kipande cha upana wa mlango, tabaka zikajitokeza. Juu kabisa mchanga hafifu usio na rutuba. Katikati mstari mweusi, udongo mzuri uliowahi kulimwa, kisha ukafukiwa na mchanga ulioporomoka kutoka juu ya kilima. Chini yake udongo mwekundu wenye changarawe.

"Huu mweusi ni shamba la mtu," alisema, akiugusa kwa ncha ya panga. "Hapa pamelimwa. Halafu shamba la jirani wa juu likaja kulilalia."

Umri wa tabaka za Haubi umepimwa. Chembe ya mchanga ikifukiwa, ikawa haioni jua, huanza kukusanya ndani yake nishati kutoka kwenye mionzi ya ardhi, na maabara inaweza kuisoma na kusema ilifukiwa lini. Kwa njia hiyo, mwaka 2000 Mats Eriksson na wenzake walichapisha historia ya mmomonyoko wa hapa. Wimbi la kwanza ni la zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Enzi kuu ya barafu duniani ilikuwa inakwisha, hali ya hewa ya nyanda hizi ikatoka kwenye ukavu kwenda kwenye mvua, na mvua zikaikuta ardhi yenye majani haba. Wimbi la pili lilianza takriban miaka 900 iliyopita na kuongezeka, nalo linakwenda sambamba na kilimo, mifugo na ukataji wa miti. Hapo ndipo nilipoona kuwa barafu ya mbali na korongo la Irangi ni sura za kitabu kimoja.

Mchana ule mvua ilikuja. Tulitoka korongoni haraka, tukajikinga kibarazani kwa mzee mmoja Mrangi. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, na kila tone lililopiga uwanja mtupu lilirusha vijichembe vyekundu, vikaruka na kuganda kwenye ukuta wa nyumba hadi kimo cha goti. Hivyo ndivyo udongo unavyookotwa: tone huvunja bonge, chembe zikaachana, zikaziba vinyweleo vya ardhi, na maji yakikosa pa kupenya yanaanza kukimbia. Kabla nusu saa haijaisha, uwanja ulikuwa na vijito vingi vyembamba. Vikakutana, vikawa mfereji. Mfereji ukaingia korongoni kwa mngurumo. Povu lilitangulia, limebeba vijiti na samadi, nyuma yake maji ya rangi ya matofali. Upande wa pili wa uwanja, penye majani ya malisho yaliyopandwa kwenye kingo za makingamaji, maji yalitoka machache na karibu meupe. Nyumba moja, mvua moja, na matokeo ya Mpwapwa yakathibitika mbele yangu.

Mzee yule Mrangi aliyakumbuka yote yaliyofanywa kuiponya ardhi hii. HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianzishwa mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Matrekta yakachimba makingamaji, miti ikapandwa, makorongo yakazibwa. Lakini ng'ombe na mbuzi walikuwa bado wanakula kila kilichochipua. Mwaka 1979 ikatolewa amri: mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika la Kondoa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Karibu wanyama 90,000 waliondolewa.

"Siku ile watu walilia, mjukuu wangu," alisema. "Ng'ombe ndiye benki, ndiye mahari, ndiye samadi. Wengine walihama nao wasirudi. Lakini nisiseme uongo: mwaka wa tatu nyasi zilinifika kifuani. Korongo lile la nyuma lilisimama. Mtoto wangu leo analima pale ambapo mimi nilikuwa naogopa kupita."

Baadaye, kuanzia mwaka 1989, ikaruhusiwa kufuga ng'ombe wachache bandani, wakakatiwa majani. Mradi wenyewe ulifungwa katikati ya miaka ya 1990. Watafiti wamejadili sana kama njia ile ya amri ilikuwa ya haki, na nadhani mzee wa Haubi ametoa jibu lililo sawa: machozi yalikuwa ya kweli na nyasi zilikuwa za kweli. Anayetaka kuponya ardhi bila kuwasikiliza wenye ardhi atawaumiza, hata akifanikiwa.

Tulirudi Dodoma, na kutoka hapo tukaelekea magharibi, barabara ya Singida, mpaka Bahi. Nilitaka kuuona mwisho wa mzigo. Mto Bubu unatoka nyanda za Kondoa, unapita Farkwa, unashuka hadi kwenye bonde la Bahi, na hapo unaishia. Hauendi baharini. Maji yake hutandaa kwenye mbuga na kinamasi, jua likayanywa, chumvi na tope vikabaki. Udongo wa Bahi ni mweusi, mzito, unashika kiatu kikang'ang'ania. Unazalisha mpunga. Nilisimama kwenye majaruba ya Bahi Sokoni, kijana mmoja akiutengeneza mfereji kwa jembe, nikamuuliza kama anajua udongo anaoulima umetoka wapi.

"Unaletwa na Bubu, kaka," alijibu. "Mwaka mto ukija na tope jembamba, tunashukuru. Ukija na mchanga, shamba limekufa."

Jibu hilo linajumlisha mambo yote niliyoyaona njiani. Tope jembamba husafiri mbali kutoka vilima vilivyovaa majani, kwa sababu maji yanashuka taratibu na mzigo mzito unabaki njiani. Mchanga huja pale vilima vinapokuwa uchi na mto unaposhuka kwa hasira. Mkulima wa mpunga wa Bahi anategemea nyasi za mkulima wa Irangi, ingawa huenda wasionane maishani.

Barafu ya Kilimanjaro hatuwezi kuirudisha kwa jembe. Udongo wa nyanda ya kati tunaweza kuuzuia, na njia zinajulikana: visiki hai viachwe vichipue badala ya kung'olewa, makingamaji yafuate usawa wa kilima, majani ya malisho yapandwe kingoni, mabua yabaki shambani baada ya mavuno, ng'ombe wapungue au walishwe bandani pale ambapo ardhi imechoka. Hakuna hata moja inayohitaji mtambo kutoka nje. Na kazi hizi zina wakati wake, nao ni kabla ya Desemba. Ndugu msomaji, kama una shamba la mteremko Dodoma, Singida au popote penye mvua chache za kishindo, lifunike kabla mawingu hayajakusanyika. Udongo ukishafika Bahi, haurudi.